Haki ya Kumwita Aliye Karibu

Katikati ya miaka ya 1970 watu wa Marekani walishikwa na shauku kubwa ya chombo kidogo cha redio, ambacho mtu aliweza kukifunga chini ya dashibodi ya gari lake, akakamata kipaza sauti kilichoning'inia kwa waya uliojisokota, akabonyeza kitufe, na papo hapo akasema na kila aliyekuwa na chombo kama hicho katika kipande kile cha njia, pasipo kumjua jina, wala nasaba, wala mahali atokako. Leo shauku ile imekwisha kupoa, na vyombo vyenyewe aghalabu huonekana katika maduka ya vitu vikuukuu. Lakini wako wazee huko, hasa waliokuwa madereva wa malori ya safari ndefu, ambao huikumbuka zama ile kwa majonzi, wakahadithiana majina ya hewani waliyokuwa wakiitana na maneno ya kificho waliyokuwa wakisemezana usiku kucha barabarani.

Mimi ni mkazi wa Nsemulwa, kata ya mji wa Mpanda, mji ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa umbali wake kuliko kwa jambo jingine lolote, na majonzi ya wazee hao siyaoni kuwa upuuzi wa watu walioshiba. Nayaona kuwa ni ushahidi. Wanachokililia si kile kisanduku chenye mikwaruzo ya sauti, bali ni haki ambayo kisanduku kile kiliwapa kwa muda, nayo ni haki ya mtu aliye njiani kumwita yeyote aliye karibu naye, awe sahibu au mgeni, pamoja na dhima iliyofungamana nayo, yaani kusikiliza na kuitika pale anapoitwa yeye. Haki hiyo sisi wa nyika hii ya magharibi hatukupata kupewa kwa chombo chochote. Tuliitengeneza wenyewe kwa matawi ya miti, kwa taa za magari, na kwa lugha ya madereva. Na sasa, katika zama ambazo kila kijana ana simu mfukoni, naiona inatuponyoka pasipo mtu wa kuitetea. Kwa sababu hiyo naandika.

Redio ile ya Wamarekani haikuzaliwa na malori. Mwaka 1958 serikali yao iliwatengea raia sehemu ndogo ya mawimbi, penye megahezi 27 hivi, kwa ajili ya wenye maduka, wakulima na mafundi waliotaka kusema na magari yao ya kazi. Nguvu yake ilikuwa ya wati chache tu, na njia zake za kusemea zilikuwa 23. Ilikaa katika kazi hizo za unyonge kwa miaka 15, mpaka nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yasiende Marekani mwaka 1973, bei ikapaa, vituo vikakauka, na mapema mwaka 1974 ikapita sheria ya kwamba gari lisikimbie zaidi ya maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, katika nchi nzima. Dereva wa lori, ambaye riziki yake hupimwa kwa masafa, alijikuta amebanwa huku na huku: mafuta hayapatikani, na hata yakipatikana hana ruhusa ya kukimbia. Hapo ndipo alipokigeukia kile kisanduku, akamwuliza mwenziwe aliyetangulia ni kituo kipi chenye dizeli na ni kichaka kipi kilichomsitiri askari.

Kutokana na mazungumzo hayo ikachipuka lugha. Askari wa barabara waliitwa dubu, kwa kuwa kofia zao zilifanana na ile ya dubu Smokey, aliyekuwa akichorwa katika matangazo ya serikali ya kuwahadharisha watu na moto wa misituni. Kila dereva alijichagulia jina la hewani, akaliacha nyumbani jina alilopewa na wazazi wake. Na aliyelipokea neno alijibu kwa tarakimu, kumi-nne, kama walivyokuwa wakijibu polisi wenyewe. Madereva walikutana katika njia ya 19, na njia ya 9 iliwekwa kando kwa ajili ya wenye dhiki, pasitiwe soga. Wimbo wa C. W. McCall uitwao "Convoy", uliotoka mwaka 1975, ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za Marekani mwezi wa Januari 1976, na hata mke wa Rais, Betty Ford, alikuwa na jina lake la hewani, First Mama. Ada ya leseni ikashushwa kutoka dola 20 hadi dola 4, na mwanzoni mwa 1977 njia zikaongezwa zikawa 40, kwa sababu waombaji walikuwa wamezidi kiasi.

Wingi huo ndio uliolidhuru jambo lenyewe, kwa kuwa watu waliposema wote kwa mara moja hapakuwa na wa kusikiliza. Tena mwishoni mwa mwongo ule jua lilifikia kilele cha mzunguko wake, mawimbi yakarukaruka bara zima, na mtu aliyetaka kumwuliza jirani wa maili 3 akasikia makelele ya watu wa maili 1,000. Uingereza ilipoihalalisha redio hiyo, Novemba 1981, Marekani homa yake ilikuwa imekwisha kushuka.

Huku kwetu, katika miaka ile ile, redio ya kusemea haikuwa mali ya raia. Raia alikuwa na redio ya kupokea, akaitundika msumarini au akaibeba mkononi, akasikiliza taarifa ya habari, salamu za wagonjwa na matangazo ya vifo kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam, na kwa kusikiliza huko Mpanda ikajiona ni sehemu ya nchi. Lakini kujibu hakuweza. Redio ya kusemea, ambayo wengine waliiita simu ya upepo na wengine redio kolu, ilikuwa mali ya kituo cha polisi, ya ofisi ya serikali, ya misheni, ya hospitali na ya hifadhi. Shirika la madaktari warukao kwa ndege, lililoanzishwa mwaka 1957 na ambalo twalijua kwa jina la AMREF, liliziunganisha hospitali za misheni za Afrika Mashariki kwa redio za namna hii, hata mganga aliye mbali na barabara akaweza kuomba shauri la daktari wa Nairobi au kuomba ndege ije. Katika wilaya yetu yalifunguliwa makazi ya Katumba mwaka 1973, kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka uliotangulia, na makazi ya Mishamo mwaka 1978. Na katikati ya hayo mawili, mwaka 1974, Katavi ikapandishwa ikawa Hifadhi ya Taifa. Hizo hazikuwa kazi za kuendeshwa kwa barua, katika nchi ambayo barua ilingoja garimoshi na garimoshi likangoja mvua zipungue.

Napenda kukaa kidogo juu ya chombo hicho, maana vijana wengi hawakukiona kikitumika, na waliokitumia wanazidi kupungua. Mawimbi yake mafupi hupanda juu, yakakutana na tabaka la anga lililotiwa umeme na jua, yakarudishwa ardhini mamia ya kilomita mbali na yalikotoka. Na kwa kuwa tabaka hilo hubadilika kwa saa za mchana na za usiku, wimbi lililofaa asubuhi halikufaa jioni, na mtu wa redio ilimlazimu kuijua tabia ya anga kama nahodha aijuavyo tabia ya pepo za kusi na kaskazi. Kulikuwa na saa maalumu za kuitana. Mtambo wa makao makuu uliviita vituo kimoja baada ya kimoja, na kila kituo kikajibu kwa jina lake, kikasema haja yake, kikanyamaza. Aliyebonyeza kitufe ili aseme hakuweza kusikia, na aliyetaka kusikia sharti akiachie. Kwa hiyo ilimbidi msemaji aipange kauli yake kabla ya kuanza, aifupishe, aseme "ova", ndipo amwachie mwenziwe nafasi. "Unanipata?" "Nakupata vizuri, endelea." "Roja." Jina lililokuwa gumu lilitajwa herufi kwa herufi, na tarakimu za dawa zilirudiwa mara ya pili na aliyezipokea, ili isitokee tashwishi.

Faragha haikuwako. Habari ya msiba, upungufu wa dawa, gari lililokwama mtoni, ugomvi wa mishahara, vyote vilipita masikioni mwa kila aliyekuwa kwenye wimbi lile, na najua kwamba wengi waliokuwa wakiitumia walichukizwa na jambo hilo, wakaipokea simu ya faragha kwa furaha ilipofika. Mimi hushika upande wa pili. Zahanati moja ikilalamika kwa mkubwa wake kwamba imeishiwa na dawa ya sindano, misheni ya jirani iliyosikia, ingawa haikuulizwa, iliweza kuingia na kusema ninayo, tumeni mtu. Wahitaji wawili walikutana kwa sababu mmoja wao alisikia maneno ambayo hayakuelekezwa kwake, na huo ni wema ambao mawasiliano ya mtu na mtu, yaliyofungwa kwa namba, hayawezi kuufanya hata yakiwa mazuri namna gani.

Madereva wetu hawakuwa na lolote katika hayo, ingawa kilichowakusanya wengi wao katika safari ndefu kilikuwa mafuta vile vile. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, na njia ya kusini iliyopeleka mafuta Zambia ikafungika, njia kubwa ya mapipa ikawa ile ya kutoka Dar es Salaam kwa Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma. Na mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, ikatumia malori ya Fiat kutoka Italia yenye matela, yakashuka na shaba yakapanda na mafuta. Barabara ilikuwa vumbi tupu wakati wa kiangazi na utelezi mtupu wakati wa mvua, na walioandika habari zake waliiita Njia ya Jehanamu kwa sababu ya magari na roho zilizopotelea mabondeni, kabla ya bomba la mafuta la TAZAMA kufunguliwa mwaka 1968 na reli ya TAZARA kukabidhiwa mwaka 1976. Naamini kwamba udugu wa madereva wa Tanzania, pamoja na adabu zake na lugha yake, ulikomaa katika njia ile, kisha ukaenea katika njia nyingine zote, na mwisho ukafika hata huku kwetu ambako hakukuwa na lami ya kukimbilia.

Mpanda yenyewe iliunganishwa na ulimwengu kwa ajili ya madini ya risasi. Tawi la reli kutoka Kaliua lilimalizika mwaka 1950 ili mzigo wa mgodi upate kutoka, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 reli ilibaki ikatufaa watu, ila barabara zikaendelea kuwa mtihani. Kwenda Tabora ulipita Inyonga, ukavuka Koga, ukamaliza msitu wa miombo usiokuwa na mwisho, ndipo uione Sikonge; kwenda Sumbawanga ulipita Sitalike, ukaingia katikati ya hifadhi, ukapambana na mbung'o kwa madirisha yaliyofungwa katika joto, na hukuwa na hakika kama mbele yako kuna daraja au kuna kundi la tembo. Mvua zikianza, lori lililobeba mahindi au tumbaku liliweza kulala siku kadhaa pale pale lilipozama, dereva na utingo wake wakawa wenyeji wa mahali pale, wakapika, wakangoja.

Katika hali hiyo dereva alimwita nani? Alimwita aliye karibu, kwa vyombo alivyokuwa navyo. Gari likiharibika, utingo alishuka na panga, akakata matawi mabichi, akayalaza barabarani nyuma na mbele ya gari, kwanza machache mbali, kisha mengi karibu, na kila dereva aliyeyaona alijua, kabla hajaliona gari, kwamba mbele kuna mwenziwe aliyepatwa, na kwamba anapaswa kupunguza mwendo na kusimama kuuliza. Taa za mbele zikiwashwa na kuzimwa na gari linalokuja, zilisema kuna jambo. Kiashirio cha kulia cha lori lililo mbele kilimwambia aliye nyuma asithubutu kupita, na cha kushoto kikamruhusu. Na yule wa nyuma, akiisha kupita salama, alishukuru kwa honi. Barua, dawa, fedha za ada ya mtoto, hata funguo za nyumba, vilisafiri katika mkono wa dereva ambaye mtumaji hakumjua kwa jina, kwa kumwamini tu kwamba ni dereva wa njia hii.

Na maneno yao! Yapo ambayo yamekwisha kuingia katika vinywa vya watu wote, hata hatukumbuki tena kwamba yalitoka garini. Abiria wa basi la mbali, mama mtu mzima mwenye staha zake, humwomba kondakta gari lisimame watu wachimbe dawa, na kila mtu huelewa haja iliyotajwa kwa sitara namna hiyo pasipo mtu kuaibika. Dereva huitwa suka, na yule asiyekuwa na gari la kudumu, anayeshika usukani wa mwenziwe kwa siku moja, huitwa deiwaka. Msaidizi wa lori, mwenye kuziba pancha, kufunga turubai, kulala juu ya mzigo na kuwa wa kwanza kuamka, ni utingo, au tanboi kwa wengine. Lami mpya ni mkeka. Kuongeza mwendo ni kukanyaga moto, na kile chombo cha askari cha kupimia mwendo ni tochi, ndiyo maana dereva husema amepigwa tochi, na mtu asiye wa kazi hiyo akashangaa kwamba mwanga wa mchana umemdhuru vipi.

Neno hilo la tochi lanileta kwenye jambo ambalo mtetezi mwaminifu hawezi kulipita kimya. Redio za Wamarekani zilitumika sana kuwakwepa polisi, na taa za madereva wetu hutumika hivyo hivyo; gari linalokuja likikuwashia taa mchana kweupe, mara nyingi halikuambii habari za tembo. Sipendi desturi hiyo. Dereva wa basi aliyebeba roho za watu, akitahadharishwa na mwenziwe, hupunguza mwendo penye askari, akaurudisha mara tu ampitapo, na aliyemwashia taa amekuwa mshirika katika hatari ambayo haimhusu. Walakini nimewahi kusikia watu wakitaka adabu yote ya taa ikomeshwe kwa ajili ya ubaya huu, nami hukataa, kwa kuwa ishara ile ile ndiyo inayomwambia dereva wa usiku kwamba kiboko amesimama barabarani karibu na Sitalike, kwamba daraja limechukuliwa, kwamba kuna watu wamelala chini na damu inatoka. Huwezi kumkata mtu ulimi kwa sababu jana alisema uongo.

Mnamo mwaka 2000 na miaka iliyofuata simu za mkononi zilienea nchini, minara ikapanda, na sitasema neno la kuibeza neema hiyo. Mjamzito wa kijijini hupatiwa gari kwa simu. Mkulima wa Mpimbwe huijua bei ya mpunga kabla mnunuzi hajafika. Na mimi, kama wengi wa hapa Nsemulwa, nina ndugu mbali ambao sauti zao nisingalizisikia kama si chombo hicho. Lakini hebu tutazame inachofanya na isichofanya. Simu humfikia mtu ambaye namba yake unayo, awe Tabora, awe Maskati. Lori lililo mita 200 mbele yako, ambalo tela lake limeanza kuachia na dereva wake hajui, hulifikii, kwa maana humjui. Umepewa masikio ya walio mbali, na aliye karibu amegeuka kuwa mgeni aliyefungiwa nyuma ya kioo. Na mahali ambapo mtandao hukatika, kama unavyokatika katika vipande vya njia zetu za msituni na za hifadhini, hufiki kwa huyu wala kwa yule.

Madereva wamejitahidi kuliziba pengo hilo kwa makundi ya WhatsApp, nao wastahili sifa, kwa kuwa humo hupashana habari za madaraja, za ajali na za mizani. Hata hivyo kundi humtaka mtu aingizwe na mwenye kundi. Humtaka ashike simu akiendesha, jambo ambalo ni haramu kwa sheria na kwa akili. Na mgeni aliyetoka Mbeya leo kwa mara ya kwanza, ambaye ndiye mwenye kuhitaji zaidi kuliko wote, hayumo. Mabasi nayo yamefungwa vifaa vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vya kufuatilia mwendo, hata ofisi iliyo mbali ikajua dakika ile ile kwamba basi fulani limezidisha kasi. Nasifu jambo hilo kwa moyo mkunjufu, maana limeokoa watu. Ila ni ajabu kwamba tumelipa basi uwezo wa kuieleza ofisi mwendo wake kila dakika, na hatujalipa uwezo wa kuliambia basi jingine linalopanda kona ile ile kwamba, ndugu yangu, subiri, barabara imezibwa.

Ndiyo maana naona kwamba majonzi ya wale wazee wa Marekani yana mafunzo ya kazi kwetu. Wako Waaustralia, ambao nchi yao ina nyika kubwa kupita yetu na njia za malori zinazokwenda siku nzima bila ya nyumba, waliohalalisha redio ya raia mwaka 1977, nao hawakuiacha ife. Walihamia katika mawimbi ya juu zaidi, ambayo hayarukiruki kwa ghadhabu za jua bali hufika kilomita chache na kukoma, na kwa hiyo humpa mtu jirani zake tu. Mwaka 2011 waliruhusu njia ziongezwe kutoka 40 hadi 80. Njia ya 40 wameizoea madereva wa barabara kuu, na njia za 5 na 35 zimetengwa kwa ajili ya dharura, na mwenye kuzitumia kwa mzaha huvunja sheria. Hapana leseni ya mtu mmoja mmoja. Aliyenunua chombo kilichokubaliwa huruhusiwa kukitumia kwa masharti yaliyowekwa kwa wote.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina uwezo wa kisheria wa kupanga masafa, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umeundwa kwa ajili ya mahali ambapo biashara haioni faida ya kupeleka huduma. Ninachoomba si kikubwa. Naomba itengwe njia moja ya redio inayofika umbali mfupi tu, isiyokuwa na ada ya mwaka na isiyohitaji mtu kujaza fomu zinazokwenda Dar es Salaam na kurudi, iwe ni ya kila chombo cha moto kipitacho barabara za nyika, lori, basi, gari la mkulima, na hata mwenye bodaboda akitaka. Na kando yake itengwe njia ya pili ya dharura, isemwe pale tu roho au mali imo hatarini.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Patasemwa habari za usalama, kwamba majangili na majambazi watasemezana humo; lakini jangili hangoji kutengewa njia, na mazungumzo yaliyo wazi kwa kila sikio, pamoja na sikio la askari wa hifadhi, ni mahali pabaya sana pa kupangia uhalifu. Patasemwa habari za matusi na makelele. Hayo nayakubali, kwa kuwa Marekani yalitokea. Dawa yake ni umbali mfupi, watu wachache, na adabu ya kusema kwa zamu, ambayo Watanzania waliwahi kuwa nayo katika redio kolu kwa miaka mingi pasipo kufundishwa na mgeni. Patasemwa pia kwamba madereva wataitumia kuambiana juu ya tochi, na jibu langu ni kwamba wanaambiana sasa. Askari akiisikia njia ile ile atajua wanaambiana nini, jambo ambalo taa haimpi.

Kabla sijamaliza, liko ombi jingine dogo, na hili nalielekeza kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, na kwa taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TATAKI, ambao wameifanyia lugha yetu kazi kubwa katika istilahi za sayansi na za sheria. Wako wazee katika miji ya madereva, Mpanda, Makambako, Tunduma, Singida, walioanza utingo na Bedford na Leyland, na wako waliokuwa wakishika redio katika misheni na katika hifadhi, ambao maneno yao, ishara zao na adabu zao za kuitana hazijaandikwa mahali pamoja kwa ukamilifu. Atumwe mtu mwenye daftari na kinasa sauti, asiyetafuta maneno ya kuchekesha, akae nao, awaulize tawi la kwanza lilazwe umbali gani kutoka kwenye gari, honi moja ilikuwa na maana gani na mbili zilikuwa na maana gani, na nani alikuwa na haki ya kusema kwanza wimbi likiwa na watu wengi. Majibu hayo yatafaa kamusi, nayo yatafaa zaidi watakaoandika kanuni za njia niliyoiomba, kwa sababu kanuni zilizoota zenyewe katika kazi hushika kuliko zilizobuniwa mezani.

Ikiwa watu wa mamlaka wataona vigumu kuanza na nchi nzima, waanze na njia zetu mbili, ile ya kutoka Mpanda kupita Sitalike na hifadhi hata Kizi, na ile ya kutoka Mpanda kupita Inyonga hata ng'ambo ya Koga. Pawekwe chombo cha kusikilizia katika lango la hifadhi, kingine polisi Mpanda, kingine hospitali, na kila kimoja kiwe na mtu mchana na usiku. Wenye malori na mabasi wajinunulie vya kwao, maana bei ya redio ndogo, zile zinazotumiwa na walinzi wa mijini, si kubwa kwa mtu anayeweza kununua tairi moja la lori. Wajaribu hivyo kwa mwaka mzima, kiangazi na mvua, ili wapate hesabu ya kweli ya miito iliyoitikiwa na isiyoitikiwa, ndipo waamue juu ya njia nyingine za Tanzania.